Nijifungulie Tanga kwa mama, au nimfuate mume Birmingham na tumbo langu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 29. Niliolewa mwaka jana baada ya Idi Kubwa. Mume wangu ni wa hapahapa, tumekulia mitaa ya jirani, ila yeye aliondoka zamani na maisha yake yako Birmingham, Uingereza. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo kwa mkataba wa kudumu. Tangu tuoane amekuja likizo mara mbili, na hii ya pili ndiyo iliyoniachia mimba. Sasa iko wiki ya 13, na ni ya kwanza.

Kabla ya hapo tulikuwa tunakwenda polepole. Yeye alikuwa anakusanya slipu zake za mshahara, mimi nimefanya mtihani wa Kiingereza na nimefaulu. Mimba imeingia katikati na kila mtu sasa ana lake la kusema.

Mume anataka tutume maombi ya viza ya mwenza mwezi huu huu, nifike kabla tumbo halijawa kubwa, nijifungulie huko. Anasema hawezi kumwona mwanawe wa kwanza kwenye simu. Mama yangu hataki hata kusikia. Kwetu mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwao, akakandwa, akanywa uji wake wa pilipili manga, akatoka arobaini ndipo aende kwa mumewe. Mama mkwe naye ana la tatu: ati viza ya mwenza ni ndefu na ghali, niombe ya matembezi, niingie, nijifungue, mtoto atapata pasipoti ya huko na mimi nitabaki kwa mgongo wake. Ana mfano wa binti wa jirani aliyefanya hivyo na hakuna aliyemgusa. Wifi yangu kaniambia viza zote za kukaa lazima upigwe eksirei ya kifua, na eksirei inaharibu mtoto, kwa hiyo nisubiri nizae kwanza.

Mengine ni madogo, ila nayaandika usije ukaniuliza. Mume ana ukaazi wa kudumu. Aliomba uraia, na majuzi kapata barua kwamba amekubaliwa, bado kula kiapo tu. Anajivuta kwa sababu akiapa anaupoteza wa Tanzania, na ana kiwanja Pongwe anachotaka kujenga. Kasema hilo lisubiri mpaka mimi nifike. Halafu kliniki ya mwisho nesi alinipima presha akapata 138/88, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Sijamwambia mume, nisimtie hofu. Mama yangu alipata kifafa cha mimba aliponizaa mimi.

Nitume maombi sasa au nisubiri? Na nikiamua kwenda, niandike lini barua ya kuacha kazi?

Mama Kijacho, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na hongera. Mungu akufikishe salama.

Katika barua yako nzima kuna mambo mawili umeyaita madogo, na hayo mawili ndiyo yenye uzito kuliko maneno yote ya mama, mama mkwe na wifi. La kwanza presha, la pili kiapo.

138/88 haijafika 140/90, ambapo wauguzi huanza kuhesabu kuwa ni presha ya kupanda, lakini imekaribia, na wewe uko wiki ya 13 tu, wakati ambao kwa wanawake wengi presha huteremka kidogo. Mimba ya kwanza, na mama mzazi aliyepata kifafa cha mimba: hayo mawili kwa pamoja yanatosha kumfanya daktari akuangalie kwa jicho lingine. Kisa cha mama yako hakimo kwenye kadi yako ya kliniki usipokitamka mwenyewe. Kiseme, kiandikwe. Kisha uliza kuhusu aspirini ya dozi ndogo. Wanaoonekana kuwa na hatari ya kifafa cha mimba huanzishiwa kuanzia wiki ya 12, nawe umo ndani ya muda huo sasa hivi. Usijinunulie duka la dawa ukaanza kumeza. Aandike daktari, kwa kipimo anachokijua. Wiki mbili alizokupa nesi zisigeuke nne kwa sababu ya mitihani ya shule. Na ukiona kichwa kinauma usivyozoea, macho yanaona maluweluwe, uso na mikono vimevimba ghafla, au maumivu makali chini ya mbavu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

Nimeanza hapa makusudi. Nyote mnabishana kama vile anayepanga tarehe ya ndege ni Home Office, wizara ya Uingereza inayotoa viza. Presha yako ikipanda wiki ya 30, hakuna viza itakayokusaidia. Hutapanda ndege, na hutakiwi kupanda. Kwa hiyo mwambie mume leo. Anapanga nauli, likizo na kodi ya nyumba kwa hesabu ambayo namba moja kubwa umeificha mfukoni.

Sasa kiapo. Nadhani hata mume wako hajalitazama jambo hili vizuri, kwa sababu amelifunga pamoja na kiwanja na kuliweka kando.

Mtoto akizaliwa Birmingham, ukaazi wa kudumu wa baba yake unatosha. Anazaliwa Mwingereza, hakuna ombi la kutuma ila la pasipoti. Akizaliwa Tanga, mambo yanageuka. Hapo kinachoangaliwa ni baba alikuwa nani siku ile mtoto alipozaliwa. Kama alishakula kiapo, mtoto ni Mwingereza kwa kurithi, haombi viza ya mtu. Kama bado, mtoto si Mwingereza, na baba kuapa wiki mbili baadaye hakurudi nyuma kumtengeneza. Siku aliyotuma ombi la uraia haihesabiwi, wala siku aliyopokea barua ya kukubaliwa. Mtu mzima anakuwa raia siku ya kiapo.

Mimba yako inaweza kuishia Tanga hata kama mmeamua Birmingham. Viza ikichelewa, presha ikipanda, mtoto akiwahi, utazalia hapo. Baba akiwa hajaapa, mtoto mchanga atahitaji viza yake mwenyewe. Kwa ada za mwaka 2025 hiyo ni pauni 1,938 za maombi na pauni 2,328 za ada ya afya, yaani zaidi ya pauni 4,200 kwa mtu asiyejua hata kushika kijiko. Kiapo ni cha asubuhi moja kwenye ofisi ya halmashauri yao.

Barua ile ya kukubaliwa nayo ina muda wake: anatakiwa awe ameapa ndani ya miezi 3. Foleni ya sherehe ya pamoja ya kiapo ikiwa ndefu, halmashauri nyingi zina sherehe binafsi kwa kulipia, na siku inapatikana mapema. Kuhusu kiwanja hakukosea kuwa na wasiwasi. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Lakini hilo ni suala la kukaa na wakili wa ardhi hapo Tanga kabla ya kuapa, alipange sawasawa. Halikupaswa kuwa sababu ya kumwacha mtoto asiyezaliwa aning'inie. Na mtoto wenu mwenyewe, mzazi mmoja akiwa Mtanzania, anaweza kuwa na uraia wote wawili mpaka afike miaka 18.

Neno moja zaidi kwa baba mtarajiwa: asiape mwezi wa mwisho wa mimba. Akishaapa atahitaji pasipoti mpya ya Kiingereza, ambayo huchukua wiki kadhaa, na kuja Tanzania atahitaji viza kama mgeni mwingine. Mtu anaweza kujikuta ni raia mpya, mkewe ana uchungu hospitali ya Bombo, na yeye hana kitabu cha kusafiria. Aape sasa.

Nije kwenye viza. Jibu langu ni ndiyo, tumeni maombi sasa, lakini mkiwa mmeshakubaliana tarehe ya kusimama.

Hesabu yenyewe iko hivi. Uko wiki ya 13. Kukamilisha makaratasi na kwenda Dar kupigwa alama za vidole kutakufikisha wiki ya 17 hivi. Maombi ya mwenza kutoka nje ya Uingereza kwa kawaida hupewa wiki 12 za kutolewa uamuzi, kwa hiyo uko wiki ya 29 kama hakuna swali lililorudi. Mashirika mengi ya ndege hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayakubali mimba ya mtoto mmoja kuanzia wiki ya 36. Pacha wanasimamishwa mapema zaidi, kwenye wiki ya 32. Sasa ona dirisha lako lilivyo jembamba. Ingekuwa mimi, ningesema hivi: viza isipokuwa mkononi wiki ya 32 ikiisha, safari imeahirishwa mpaka baada ya uzazi, na hakuna atakayemlaumu mwenzake kwenye simu. Waambieni na wazee mapema, mama yako ajiandae, mama mkwe asipate nafasi ya kuuliza kila Ijumaa.

Kuna huduma ya haraka ya kulipia. Ikipatikana siku mnayotuma na pesa ipo, ichukueni. Lakini tumbo lenyewe halikupi nafasi ya mbele kwenye foleni, na mtu yeyote anayewaambia ana "mtu wake ndani" wa kusukuma faili kwa sababu ya mimba anataka pesa zenu. Huko Uingereza mshauri wa uhamiaji anatakiwa awe amesajiliwa. Mamlaka yenyewe tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, na jina la mshauri linatafutwa kwenye orodha yao.

Kinachoangusha watu wengi ni pesa na tarehe. Kiwango cha kipato tangu tarehe 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka, na ukiwa Tanga kinachohesabiwa ni cha mume peke yake; mshahara wako wa ualimu hauongezi hata senti. Anahitaji slipu za miezi 6 za mwajiri huyo mmoja, na taarifa za benki zinazoonyesha kila slipu ikiingia kiasi kilekile. Slipu ikisema 2,310 na benki ikasema 2,290, barua ya mwajiri ieleze hizo 20 zimekwenda wapi. Na karatasi ya mwisho isizidi siku 28 kufikia siku mnayotuma. Watu hukusanya kila kitu Machi, wanatuma Juni, wanakataliwa. Ada yako wewe kwa mwaka 2025 ilikuwa pauni 1,938, pamoja na ada ya afya ya pauni 3,105 kwa viza ya miezi 33. Bei hizi hubadilika, mara nyingi Aprili, kwa hiyo tazameni siku ya kulipa. Cheti cha ndoa kiwe kimesajiliwa RITA, wakala wetu wa serikali wa usajili wa ndoa na vizazi, na jina lako liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Picha za harusi kumi zinatosha, msipeleke albamu nzima.

Wifi yako kasema nusu. Kweli, anayetoka Tanzania kwenda kukaa zaidi ya miezi 6 lazima apimwe kifua kikuu, tena kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Waingereza, si hospitali yoyote. Lakini mjamzito hana njia moja. Ukifika, sema una mimba kabla hata hujakaa. Unaweza kupigwa eksirei ya kifua ukiwa umefunikwa tumbo kwa aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi, na mionzi inayomfikia mtoto hapo ni kidogo mno. Unaweza kutoa makohozi yaoteshwe maabara, na hiyo huchukua mpaka wiki 8. Au unaweza kungoja ujifungue. Hesabu yako haina wiki 8 za kutupa. Zungumza na daktari wako, na kama naye hana neno, mimi ningeingia na aproni. Cheti kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikikimbilie kabla makaratasi mengine hayajakaa sawa.

Kwa mama mkwe nitasema kwa adabu, lakini nitasema. Anachokushauri kitakuharibia. Viza ya matembezi haigeuzwi kuwa ya mwenza ukiwa ndani ya Uingereza. Itabidi urudi uanze upya. Afisa mpakani akiona tumbo la miezi saba na mume mwenye nyumba Birmingham, atakuuliza, na ukidanganya, uongo huo unabaki kwenye faili lako. Hospitali haitakufukuza ukiwa na uchungu, maana huduma ya uzazi hairuhusiwi kunyimwa wala kucheleweshwa kwa sababu ya pesa, lakini mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama na bili inakufuata. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi 2 bila kulipwa, linapelekwa Home Office, na viza utakayoomba baadaye inaweza kukataliwa kwa ajili yake. Mtoto atakuwa Mwingereza, hilo kweli, lakini pasipoti ya mtoto haigeuki viza ya mama. Binti wa jirani huenda hakusimulia yote barazani. Mkiingia kwa viza ya mwenza, ada ya afya imeshalipwa, kliniki na uzazi hutozwi tena.

Mama yako hana kosa, na nakuomba usimwone kama kizuizi. Amewahi kuiona sura ya kifafa cha mimba kwa mwili wake, anajua anachokiogopa. Na kuzaa Birmingham si picha ile ya kwenye simu: mume atapata likizo ya baba ya wiki 2, kisha atarudi zamu, na wewe utakuwa ndani na kichanga, nje baridi, hakuna wa kukukanda. Wakunga wao huja nyumbani siku za mwanzo, wanapima, wanaangalia kitovu na maziwa, wanaondoka. Kama mnaelekea huko, mama naye aombe viza ya matembezi mapema, kwa ukweli wote kwamba anakuja kumwona binti yake na mjukuu. Ikitoka, aje na pilipili manga zake.

Ukibaki Tanga, usijione umeshindwa. Baba akiwa ameshaapa, utazaa, utachukua tangazo hospitali, utakwenda RITA kuchukua cheti cha kuzaliwa ndani ya siku 90, na jina la baba liandikwe kama lilivyo kwenye cheti chake cha uraia. Kama huko yeye ni Mohamed, kwenye tangazo asiwe Muhammad. Hapo hapo mnaanza ombi la pasipoti ya mtoto, nalo linaweza kuchukua miezi. Viza yako ikiwa imetoka, haipotei. Miezi michache italiwa ukiwa kwa mama, na ukipewa stika ya kuingilia ya siku 90 ikaisha, inaombwa tena kwa ada.

Barua ya kuacha kazi usiiandike mpaka viza itoke. Hata kama mume anasema ni suala la wiki tu. Likizo ya uzazi ya siku 84 ni haki yako, na ukibaki Tanga ndiyo itakayokulisha.

Ukisafiri, kadi zetu za kliniki zimejazwa Kiswahili na vifupisho vya nesi. Mwombe daktari akuandikie kwa Kiingereza ukurasa mmoja: tarehe ya kujifungua, kundi la damu, vipimo vyote vya presha tangu mwanzo, dozi za SP (dawa ya kukinga malaria) ulizomeza, majibu ya utrasaundi. Ndani ya ndege vaa soksi za kubana, tembea kila baada ya saa moja au mbili, kunywa maji. Ukifika, jiandikishe kwa daktari wa mtaa na kitengo cha uzazi wiki hiyohiyo, usingoje kupumzika, na waambie tangu mlangoni kuhusu presha na kuhusu mama yako. Uliza vitamini D pia. Kule mwenye ngozi yetu anashauriwa kumeza kila siku akiwa mjamzito. Kadi, ule ukurasa wa daktari na barua ya ndege viwe kwenye mkoba wa mkononi. Usivitie kwenye begi la chini.